Hatua ya Sajenti Rula

Makuruta walimwita Sajenti Rula, na usidhani hakujua. Alijua, na moyoni alifurahi. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa amefundisha watu wazima kutembea, kazi ambayo ukimweleza mtu wa mtaani atakucheka: kwani mtu mzima hajui kutembea? Hajui, Sajenti angekujibu. Mtu wa mtaani anaburuta miguu, huyu hatua ndefu, yule fupi, mwingine anatupa vidole pembeni utadhani anafukuza kuku. Askari ana hatua moja tu, ya sentimita sabini na tano, haiongezeki wala haipungui. Alikuwa na fimbo ya mbao iliyokatwa urefu huohuo, akimsimamisha mtu katikati ya uwanja, anaipachika baina ya visigino vyake na kusema, "Umeniibia sentimita nne. Zirudishe."

Wenzake walimtania, lakini siku ya gwaride walinyamaza. Platuni ya Sajenti Rula ilipopita, mabuti yote yalitua mara moja, na hata wakubwa jukwaani walikaa wima.

Sasa, katika platuni ya mwaka huo, mkiani kabisa, alikuwemo mpwa wake.

Na hakuwa mpwa wa mbali, wale wa kukumbukana misibani. Alikuwa mtoto wa dada yake wa tumbo moja, yule dada aliyembeba Sajenti mgongoni akiwa mchanga na baadaye akamsomesha kwa cherehani. Dada alipofariki, binti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Sajenti alimfuata, akamkunjia nguo zake kwenye begi, akaenda naye kwake. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Basi huyo ndiye aliyekuwa mtoto wake, mtani wake wa mezani, na sura ya dada yake iliyobaki duniani. Alikuwa mfupi, mwembamba, mbishi wa kazi. Ukimwambia ndoo ni nzito, anabeba mbili. Nyumbani wakambandika jina la Sisimizi, likaganda.

Sisimizi hakutaka kitu kingine ila jeshi. Mara ya kwanza walimkataa kwa kimo. Mara ya pili nafasi zilijaa. Mara ya tatu akapita, na wakati huo alibakiwa na miezi michache tu atimize ishirini na mitano, umri ambao ukiufikisha hujaapishwa, umekwenda na maji. Hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na nyumba nzima ilijua.

"Sikiliza," Sajenti alimwambia siku ya kuripoti. "Ukivuka lile geti, mimi si mjomba wako. Mimi ni afande. Sikupendelei hata kwa punje ya chumvi."

"Sawa, afande. Na wewe ukirudi nyumbani, usinipigie filimbi nikichelewa kuosha vyombo."

Wakacheka mpaka machozi. Laiti wangejua.

Desturi ya gwaride ni kupanga watu kwa kimo, warefu mbele, wafupi nyuma. Macho hupenda hivyo. Mbele ya platuni alikuwepo jamaa mmoja waliyemwita Mlingoti, mwenye miguu inayoanzia kifuani, naye sabini na tano kwake ilikuwa matembezi ya kwenda dukani. Mkiani alikuwepo Sisimizi. Hatua yake yeye, ile aliyopewa na Mungu, haikuzidi sentimita sitini. Hizo kumi na tano zilizobaki alizitafuta kwa kurusha mguu mbele na kutua na kisigino, hatua baada ya hatua, kutwa nzima. Na mstari mrefu una tabia yake: mbele wakiongeza kidogo, nyuma wanakimbia. Buti dogo kuliko yote stoo lilimzidi namba mbili, akalijaza soksi tatu. Hakulalamika. Sajenti alimwona anavyojinyoosha kule nyuma kama mtu anayeruka mitaro, akajisemea, damu ya dada hiyo, haishindwi.

Wiki ya tisa, tabibu wa kambi alimfuata ofisini akiwa na karatasi za kaki kwapani. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja na mwandiko ambao wauguzi walisema kuku anaandika vizuri zaidi. Wiki ya kwanza aliwaagiza makuruta wote walowanishe miguu na kukanyaga kaki, mmoja mmoja, na watu walidhani ni wazimu wake tu.

"Angalia huu," akasema, akitandaza karatasi moja mezani. Palikuwa na alama ya kisigino, kisha patupu, kisha vidole na mto wa unyayo. "Ni wa mpwa wako. Katikati haugusi chini kabisa, upinde wake umenyanyuka mno. Mguu wa namna hii ni mkavu, haubonyei. Kishindo haukimezi, unakipandisha kwenye mifupa midogo hapa juu."

"Marehemu mama yake alikuwa na mguu huohuo. Alitembea maisha yake yote."

"Kwa hatua yake mwenyewe, afande. Huyu anatembea kwa hatua ya Mlingoti, kwenye lami, na buti linamuogelea." Tabibu akavua miwani. "Mfupa hauvunjiki siku moja. Chukua waya, ukunje, ukunjue. Mara ya kwanza hauna neno. Endelea, endelea, mwisho unabaki na vipande viwili mkononi. Ninao wanne wa hivyo kule nyuma, wote wafupi. Waweke wao mbele, wao ndio wapange hatua. Mrefu hadhuriki kwa kufupisha."

Sajenti alicheka. "Tabibu, unataka niongoze gwaride la bata?"

Alicheka, lakini ukweli wa mambo ulikuwa mwingine, na tuuseme. Aliona aibu. Aliwaza: nikigeuza platuni kichwa chini miguu juu mwaka huu, mwaka ambao mtoto wangu yuko mkiani, watu watasemaje? Watasema Rula amelikata jeshi zima kwa kipimo cha mpwa wake. Kwa hiyo alimshukuru tabibu, akamrudishia kaki zake, na kesho yake mambo yakaendelea vilevile. Wakati huo kurekebisha kulikuwa rahisi. Ilihitajika amri moja tu, tena fupi.

Maumivu yalianza wiki ya kumi na tisa, juu ya unyayo wa kulia, mahali ambapo kamba za buti hukutana. Sisimizi aliyaficha. Asubuhi yalikuja, akipata moto yalipungua, jioni yakarudi na wenzake. Alijifunza kupanda ngazi za bweni kwa kuanza na mguu wa kushoto. Siku tatu kabla ya mwendo wa mwisho, kilomita arobaini na mzigo mgongoni, alishindwa kuvaa buti bila kung'ata mto, ndipo akaenda kwa tabibu.

Tabibu alibonyeza kwa kidole gumba mahali pamoja tu. Binti akaruka kitandani. Akamwambia arukeruke kwa mguu mmoja. Wa kushoto aliruka mara kumi. Wa kulia mara moja, akashika ukuta. Picha ya mashine ya kambi haikuonyesha kitu, na tabibu alisema ufa ukiwa mwembamba kama unywele mashine hiyo haiuoni, kwa hiyo atazungumza kwanza na kamanda.

"Jibu utalipata kwa sajenti wako," akamwambia.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kambi. Zamani makuruta waliwahi kujiandikia vyeti vya ugonjwa wenyewe, mmoja akajipa hata mimba naye ni mwanamume, basi ikaamriwa kila cheti kipite mkononi mwa mkufunzi. Sisimizi akarudi bwenini kusubiri.

Cheti kililetwa mchana wa kuamkia mwendo. Tabibu alikiweka kwenye sinia la mbao juu ya meza ya Sajenti, akaenda mbio kupanda gari la wagonjwa, maana mpishi alikuwa ameungua vibaya kwa maji ya moto na ilibidi asindikizwe hospitali kubwa. Sajenti aliporudi kutoka uwanjani alikikuta. Akakifungua amesimama, filimbi bado shingoni.

Mstari wa kwanza ulisema: *Kuruta huyu apumzishwe, asishiriki mwendo wa kesho.* Chini yake palikuwa na mistari mingine ya ule mwandiko wa kuku. Hakuihangaikia. Alidhani anaijua: upinde, kishindo, waya, mahubiri yaleyale.

Akaketi. Asiyemaliza mwendo haapishwi, na asiyeapishwa anarudi kwao. Miaka yote ishirini na mmoja aliwaona wakirudi, wamekaa juu ya masanduku yao getini wakisubiri usafiri, na hakuna aliyewahi kuonekana tena. Huyu angetimiza ishirini na mitano mwezi ujao. Sajenti alimwona amekaa juu ya sanduku. Alimwona nyumbani, akiosha vyombo bila utani.

Alikuwa hajawahi kumpendelea mtu. Muulize yeyote. Siku hiyo alipendelea. Alikikunja kile cheti mara mbili, akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Siku moja tu, akasema moyoni. Atembee siku moja, aape, kisha nitamlaza kitandani hata mwezi mzima, nimpikie uji mimi mwenyewe. Dada, nisaidie. Na kweli aliamini kwamba anamtendea wema.

Jioni, Sisimizi alikuta jina lake lipo kwenye orodha ya wanaotembea. Akalipitia kwa kidole mara mbili. Akamwambia jirani yake wa kitanda, akicheka kwa furaha, "Basi mguu mzima! Cheti hakikuja. Ni uoga wangu tu."

Walitoka alfajiri. Kilomita ishirini za kwanza alikuwa wa wimbo na vibwagizo. Ya ishirini na tano akanyamaza. Ya thelathini na moja ni mteremko wa changarawe, na hapo ndipo Sajenti, aliyekuwa akitembea kando ya mstari, alipomsikia akitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekatishwa kuongea. Akamtazama. Uso wa mtoto ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Uko sawa, kuruta?"

"Sawa, afande!"

Angeweza kumtoa. Gari la nyuma lilikuwa pale, mlango wazi. Mfuko wa shati ulimchoma. Lakini zilibaki kilomita tisa, na mtu akishavuka mto hadi kiunoni anaona ni heri amalizie.

"Bado kidogo," akamwambia. "Kaza."

Akakaza. Kuna methali Sajenti aliipenda sana, aliwafokea nayo makuruta wa kila mwaka: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, neno kwa neno, kilomita tisa nzima, juu ya mfupa uliokwisha kuachana. Alivuka geti pamoja na platuni yake, ndani ya muda, kichwa juu. Kisha akakaa chini taratibu palepale kwenye lami, na buti likabidi likatwe kwa mkasi.

Wenzake waliapa Jumamosi, bendi ikapigwa. Yeye alikuwa mezani kwa daktari wa upasuaji. Baada ya wiki tano daktari huyo alimwita Sajenti pembeni, akamweleza bila kuzungukazunguka. Mfupa uliovunjika ni ule wa katikati, unaoshikilia upinde, na damu huufikia kwa shida. Wangeuwahi ukiwa na ufa, ungejiunga wenyewe. Ulipokatika na kusagika, sehemu yake ilikufa. Wameutia skrubu, wamesubiri, haushiki. Atatembea kwa fimbo, na mguu utamuuma maisha yake yote. Jeshi asahau.

Barua ya kumwachisha ilifika wiki iliyofuata. Sajenti alimpelekea mwenyewe wodini. Binti aliisoma yote, akaiweka kando ya sahani.

"Mjomba, ninamlaumu tabibu," akasema. "Nimeandika malalamiko kwa kamanda. Aliona kabisa nashindwa kuruka. Angeandika tu mistari miwili! Kama angeandika, wewe usingeniruhusu kutembea. Nakujua."

Sajenti alisema, "Mh." Akasema kuna joto humu. Akatoka nje, akakaa barazani mpaka saa ya kutembelea wagonjwa ikaisha.

Tabibu alimkuta ofisini siku ya pili. Hakuketi. "Kamanda ameniuliza kama niliandika. Nakala ninayo kitabuni. Nimemwomba anipe mpaka kesho kutwa kumjibu." Akaifuta miwani kwa muda mrefu. "Mimi sina ugomvi na wewe, afande. Nina wazee nyumbani, nami nimewahi kukosea dawa. Ila mtoto asisikie kwa mtu mwingine. Nenda kamwambie."

"Atanichukia."

"Huenda. Nenda tu."

Akaenda saa ya kutembelea wagonjwa, mchana, amevaa sare kwa sababu hakujua avae nini. Wodi ilinukia dawa ya kudekia. Sisimizi alikuwa ameegemea mito miwili, mguu juu ya stuli, anamenya chungwa. Alipomwona akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomuua.

"Futa yale malalamiko," akasema, kabla hata hajaketi. "Tabibu aliandika. Aliandika siku moja kabla. Kilikuja kwangu. Nilikificha."

Chungwa lilibaki mkononi mwa binti, ganda linaning'inia.

"Nilijua ukikosa mwendo unarudi nyumbani, na umri ndio huo. Nilitaka uape. Nilisema siku moja tu. Mama, nilidhani nakusaidia."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama mtu mzima, akajigeuza ukutani akajifanya amelala.

"Kiko wapi?"

Alikuwa nacho. Tangu siku ile alikihamisha kutoka shati hadi shati, bila kukifungua wala kuthubutu kukitupa. Akakitoa, akampa. Sisimizi akatikisa kichwa.

"Nisomee wewe."

Akakikunjua. Mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika. "*Kuruta huyu apumzishwe, asishiriki mwendo wa kesho,*" akasoma.

"Endelea."

"*Mguu wa kulia, dalili za ufa kwenye mfupa wa juu ya unyayo. Asiukanyagie kwa wiki sita.*" Mwandiko ulimpa taabu, akakisogeza karibu na dirisha. "*Akipona aungane na kundi la mwezi wa nane, na aanzie pale...*"

Akasita.

"Aanzie wapi?"

"*...aanzie pale alipoishia. Nimezungumza na kamanda. Kuhusu umri, kibali ameshatoa, kimeambatanishwa kwenye faili lake.*"

Sajenti aliutazama mstari ule kana kwamba kuna mtu aliuandika usiku wa jana. Akakigeuza cheti upande wa nyuma, kisha akakirudisha. Mstari haukuwa umebadilika.

"Hukuisoma," Sisimizi akasema. Hakuwa akiuliza.

"Sikuisoma."

"Wiki sita." Akahesabu kwa vidole vyenye maji ya chungwa, taratibu, wiki baada ya wiki, akafika, akaviangalia vile vidole. "Zilikwisha juzi, Mjomba. Juzi Jumanne ningekuwa nimepona."

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama alivyolia akiwa na miaka kumi na mmoja, na Sajenti alinyoosha mkono kumshika bega, lakini bega likasogea pembeni. Basi akabaki na mkono wake hewani, naye akilia, mzee mzima mwenye vyeo begani, bila kujificha.

Alipotulia, binti alijifuta kwa ncha ya shuka. "Soma tena. Ule wa mwisho."

Akausoma tena.

"Tena."

Akausoma mara ya tatu. Sisimizi akaichukua ile karatasi, akajisomea mwenyewe kimoyomoyo, midomo ikitembea, kisha akaiweka chini ya mto wake.

"Nenda nyumbani sasa," akasema, bila kumtazama. "Kesho uje na nguo zangu, maana wananitoa, na sina mwingine wa kunichukua. Lakini leo nenda, Mjomba. Leo sitaki kukuona."

Sajenti akasimama. Akaiokota kofia yake kitandani, akatoka.